Mgongo Umepona, Mguu Bado Unawaka

Ndala ndiyo inayotoa siri. Mtu aliyepasuliwa mgongo anatoka barabarani kuelekea pwani ya Paje, mazungumzo yamemkolea, mchanga laini chini ya nyayo. Akigeuka nyuma anaiona ndala yake ya mguu wa kushoto imebaki hatua tano huko alikotoka, na yeye hakuhisi ilipomvuka. Usiku wa siku hiyo hiyo, mguu ule ule uliokosa habari ya ndala unaikataa hata shuka. Upepo wa feni ukipita juu ya muundi, anashtuka usingizini. Mchana ganzi, usiku moto. Akiwasimulia jamaa zake, wapo wanaomtazama kwa jicho la shaka: kitu kisichohisi kitaumaje?

Swali lao ni la haki. Ganzi na moto vinatoka pahala pamoja, kwenye neva iliyojeruhiwa. Kwa kuwa imejeruhiwa, haifikishi tena habari za ngozini, ndiyo maana ndala inaondoka bila kuaga. Na kwa kuwa imejeruhiwa, inaanza kutuma habari zake yenyewe pasipo mtu kuigusa. Mfano wake ni simu mbovu ambayo ukiipigia haipokei, lakini saa nane za usiku inalia peke yake.

Maumivu ya namna hii yana lugha yake, na madaktari wameifanya lugha hiyo kuwa kipimo. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walitoa orodha fupi ya dalili kumi iitwayo DN4. Saba anaulizwa mgonjwa: je, panawaka moto? Pana baridi kali inayouma? Panapiga shoti kama ya umeme? Panasisimka kama panatambaa sisimizi? Panachoma kama sindano? Pamekufa ganzi? Panawasha? Tatu zilizobaki daktari anazitafuta mwenyewe kwenye ngozi, kwa kugusa, kuchoma kidogo kwa kitu chenye ncha na kupitisha brashi laini. Zikifika nne kati ya kumi, mhusika mkuu huenda ni neva. Mtu wa Unguja hahitaji mkalimani kwa maswali hayo, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo anayoyasema nyumbani. Kinachomponza ni kwamba akifika kliniki anafupisha yote kwa neno moja, "miguu inauma", akaandikiwa dawa ya kuumwa miguu.

Ili kuelewa namna mgongo uliotengenezwa unavyoweza kuuacha mguu katika hali hiyo, tuingie ndani kidogo. Katikati ya pingili za uti wa mgongo unapita ugwe wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Ugwe huo haufiki mwisho wa mgongo. Unakoma juu kidogo ya kiuno, na kuanzia hapo zinaning'inia nyuzi nyingi, kila moja ikielekea pahala pake mguuni, kwenye kibofu au kwenye njia ya haja. Matabibu wa zamani wa Ulaya waliona mkia wa farasi. Aliyekulia Paje au Jambiani ataona kamba ya makumbi iliyofumuka nchani. Nyuzi kadhaa kati ya hizo zinakutana na kuwa neva nene kuliko zote mwilini, ile ya sayatika, inayopita kwenye makalio, ikashuka nyuma ya paja na kugawanyika hadi vidole vya mguu.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kimto chenye ganda gumu na ute mzito ndani. Ganda likipasuka, ute unachomoza na kuubana mzizi wa neva palepale unapotoka. Jambo hilo lilielezwa vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1934, na William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, na tangu hapo operesheni ya kuondoa kipande kilichochomoza imekuwa miongoni mwa kazi za kawaida za wapasuaji wa mgongo. Kwa wengi, maumivu ya mguu yanapoa haraka baada ya operesheni.

Kwa wengine hayapoi. Daktari anaweza kuondoa jiwe lililoukalia mpira wa maji, lakini nyuzi zilizokwisha kufa ndani ya mpira hawezi kuzifufua. Neva iliyobanwa kwa miezi mingi inabaki na jeraha lake hata ikiachiwa. Nyuzi zake zikiota upya, zinaota polepole mno, takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi vidoleni ni kama mita moja, nawe piga hesabu: siku 1,000 hivi, na hiyo ni kwa neva iliyobahatika. Mzizi uliojeruhiwa sana haukamilishi safari hiyo.

Zipo sababu nyingine. Diski ile ile inaweza kuchomoza tena. Mfereji wa neva unaweza kuwa bado ni mwembamba pingili moja juu au chini ya ile iliyotengenezwa. Kovu la ndani linaweza kuuzunguka mzizi na kuunata. Pengine operesheni ilifanywa sawasawa, ila maumivu yalikuwa yanatoka pahala pengine tangu mwanzo, kwenye nyonga kwa mfano, au kwenye kisukari kinachounguza neva za nyayo zote mbili kwa pamoja. Tafiti za nchi mbalimbali zimetaja kwamba kati ya watu 10 na 40 katika kila 100 wanaopasuliwa mgongo wa chini hubaki na maumivu ya kudumu. Tofauti ni kubwa kwa sababu wagonjwa si wa aina moja, wala operesheni si moja.

Hali hii kwa Kiingereza iliitwa kwa miaka mingi jina lenye maana ya "upasuaji wa mgongo ulioshindwa". Jina baya. Lilimtia mpasuaji aibu hata pale alipofanya kazi yake vizuri, na lilimwambia mgonjwa kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2021 kundi la wataalamu lilipendekeza liachwe, na badala yake hali hiyo iitwe maumivu ya uti wa mgongo yasiyokoma. Huku kwetu nalo limezuka jina la mitaani: "kaguswa mshipa". Linabeba lawama ile ile, na mara nyingi linarushwa bila mtu kuuliza mguu ulikuwaje kabla ya kisu.

Hapo ndipo Paje inapoingia. Kijiji hiki cha kusini-mashariki ya Unguja, ambacho wageni wanakijua kwa mchanga mweupe na vishada vya kuteleza juu ya maji, ndicho, pamoja na jirani yake Jambiani, kilichoanza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake kwa sehemu kubwa ni wanawake. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Maji yakikupwa, mkulima anatembea hadi kwenye vigingi vyake, anainama kufunga mbegu na kung'oa magugu, kisha anarudi na gunia la mwani mbichi unaotiririka maji. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden na wa Zanzibar, wakiwemo Narriman Jiddawi na Flower Msuya, walichapisha uchunguzi wao juu ya afya na kipato cha wakulima hawa. Miongoni mwa malalamiko waliyoyakuta ni uchovu na maumivu ya misuli na viungo.

Haifai kusema kwamba mwani ndio unaopasua diski. Diski zinapasuka kwa madereva, kwa wachukuzi, na kwa makarani wasiowahi kuinua gunia. Lakini uzito unaoingia kwenye kimto kile umeshapimwa. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya mtu mmoja aliyejitolea kutiwa kipimo ndani ya diski yake ya kiunoni na kuishi nacho siku nzima. Alipoinama mbele, mgandamizo ulizidi mara 2 ya ule wa kusimama wima. Alipoinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda, ulizidi mara 4. Alipoinua mzigo ule ule kwa kukunja magoti, ulipungua. Alipolala chali, ulishuka hadi karibu moja ya tano ya wa kusimama. Mtu mmoja tu, lakini aliyeinamia mwani wakati wa bamvua atakubali bila kuoneshwa kipimo.

Swali la pili juu ya mguu kabla ya kisu ni la muda. Neva inayobanwa haisubiri nauli. Kutoka Paje hadi mjini ni kama kilomita 50 kwa gari la abiria namba 324, kupita Jozani, na kwa mtu mwenye sayatika kila tuta la barabarani ni shoti mguuni. Mwanzoni mwa karne hii wapasuaji wa ubongo na mgongo katika Tanzania nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mgonjwa wa Unguja njia yake ilikuwa boti hadi Dar es Salaam, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Mwaka 2014 ilifunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa juhudi za mfuko wa NED wa Valencia, Hispania, ulioasisiwa na mpasuaji José Piquer. Madaktari wa kigeni walikuja kwa zamu kufanya kazi na kufundisha pamoja na wenyeji. Kwa kisiwa, ilikuwa hatua kubwa. Ila anayekandwa mwaka mzima kabla ya kufika hapo anafika na neva iliyokwisha chakaa, na hakuna mpasuaji wa kigeni wala wa nyumbani atakayemrudishia mwaka huo.

Asidhani yeyote kwamba mkasa huu ni wa maskini peke yao. Julai 1963 Rais wa Tanganyika, Julius Nyerere, alimtembelea John F. Kennedy kule Ikulu ya Marekani. Mwenyeji wake, aliyejulikana dunia nzima kwa kiti chake cha kubembea, alikuwa mgonjwa wa mgongo aliyepasuliwa mara 4: mwaka 1944, 1954, 1955 na 1957. Ile ya 1954, alipotiwa sahani ya chuma, ilimletea maambukizi mabaya hata akasomewa sala za kufa, na sahani ikabidi itolewe mwaka uliofuata. Akiwa rais alivaa mkanda wa kubana kiuno na kuchomwa sindano za ganzi mgongoni mara kwa mara. Mwishoni mwa 1961 daktari Hans Kraus alimwanzishia mazoezi ya viungo mara 3 kwa wiki, na ni mazoezi hayo, kuliko kisu na sindano, yaliyomtengenezea. Mwenye fedha na madaktari wote wa Marekani aliishia kwenye dawa ambayo pwani ya Paje haitozwi hata senti.

Kabla ya mazoezi, vidonge. Diklofenaki na parasetamoli, ambazo kila duka la dawa linazo, zinafaa kwa jeraha na kwa misuli, ila kwa neva hazina makali. Kumeza diklofenaki miezi na miezi kwa ajili ya mguu unaowaka ni kutia tumbo na figo hatarini bila faida ya maana. Sindano na vidonge vya vitamini B, vinavyopendwa mno, vinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo, na B6 ikizidishwa kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva. Huo ndio ukweli, ingawa najua wapo watakaonuna.

Dawa zinazotangulizwa kwa maumivu ya neva ni amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015, uliokusanya majaribio 229, ulionesha kwamba kwa dawa za jamii ya amitriptilini, kati ya takriban wagonjwa 4 anapatikana 1 ambaye maumivu yake yanapungua kwa nusu au zaidi kwa sababu ya dawa. Kwa pregabalini ni 1 kati ya takriban 8. Tena wengi wa wagonjwa hao walikuwa na kisukari au mkanda wa jeshi, si mgongo. Jaribio la Australia la mwaka 2017, lenye wagonjwa zaidi ya 200 wa sayatika, halikuona pregabalini ikishinda kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo daktari mwaminifu anaahidi kidogo: tujaribu hii wiki kadhaa, tupime, ikishindwa tuiache.

Amitriptilini ina mkasa wake Unguja. Ni dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, na karatasi ya ndani ya boksi inasema hivyo. Kijana wa nyumbani akiisoma, maneno yanaanza: "Kwani bibi kawa wa Kidongo Chekundu?" Yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vidonge vinatupwa. Laiti daktari aliyeiandika dawa hiyo angetumia dakika mbili kueleza kwamba kwa neva kinaanzwa kipimo kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, kidogo kuliko cha sonona, na kwamba kazi yake hapa ni kupunguza kelele za neva na kumpa mtu usingizi! Inakausha mdomo, inaweza kuzuia mkojo kwa wazee, na mwenye ugonjwa wa moyo lazima aseme kabla ya kuandikiwa.

Halafu inaingia Ramadhani. Gabapentini kwa kawaida humezwa mara 3 kwa siku, na aliyefunga hana mchana wa kumezea. Wapo wanaoiacha ghafla mwezi unapoandama, na huko ni kucheza na hatari, kwa sababu kukatisha ghafla kunaweza kuleta jasho, wasiwasi, hata degedege. La kufanya ni kumwona daktari tangu Shaabani. Anaweza kuhamishia dozi kwenye futari na daku, au kumpa dawa inayomezwa mara moja usiku. Na kwa sala, anayeshindwa kurukuu na kusujudu ameshasahilishiwa na dini yenyewe. Aswali juu ya kiti, asione haya kwa safu iliyo mbele yake.

Mikono ya mkandaji nayo ina nafasi yake, lakini ina mipaka. Kuchua misuli ya paja na mabega iliyokaza kunaburudisha. Kukanyaga mgongo uliopasuliwa, au kuvuta mguu "mpaka ulie", hakufai hata kidogo. Chupa ya maji ya moto na vikombe vya hijama vya kuwasha moto juu ya ngozi yenye ganzi ni balaa jingine, kwa kuwa mwenyewe hahisi anapoungua hadi anaposikia harufu. Ngozi hiyo inataka kukaguliwa kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo kama mtu hawezi kuinama. Wakulima wa mwani huvaa soksi na raba kuukuu majini kujikinga na miiba na makombe makali. Kwa mwenye ganzi, kuvaa huko si hiari.

Sasa bamvua. Maji yanapokupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mkulima wa Paje anafanya kazi siku kadhaa mfululizo kwa nguvu zake zote, kisha maji mafu yanampa pumziko asilolichagua. Mwili mzima umezoea mpigo huo. Kwa neva iliyojeruhiwa, mpigo huo ndio adui. Mgonjwa akipata siku njema anataka kufidia wiki nzima: anafua, anachota maji, anateremka pwani. Kesho yake hainuki, na siku nne anazolala zinalegeza misuli ya mgongo, hivyo siku njema ijayo inakuwa fupi zaidi. Wataalamu wa mazoezi ya tiba wanafundisha kinyume chake, yaani kupanga kazi kwa saa, si kwa maumivu. Kama anaweza kusimama dakika 15 kabla mguu haujawaka, asimame 10, apumzike, arudie. Siku njema 10, siku mbaya 10. Wiki ijayo 11.

Bahari ile ile inayomwinamisha inaweza pia kumbeba. Jeraha likishafunga na daktari akiridhia, kutembea majini ni mazoezi ya kifalme: maji ya kiunoni yanapunguza karibu nusu ya uzito wa mwili, na ya kifuani yanabakisha kama theluthi tu. Maji ya pwani ya Paje ni matulivu, chini ni mchanga, na kanga haizuii kitu. Maji yakitoka, unabaki mchanga mgumu ulio tambarare. Tatizo ni macho ya watu. Mwanamke anayetembea majini bila gunia wala ndoo ataulizwa anatafuta nini.

Kazi ya mwani nayo si moja. Kufunga mbegu kwenye kamba kunawezekana kivulini, juu ya kiti, mradi ainuke kila baada ya muda. Kutengeneza sabuni ya mwani, kama wafanyavyo vikundi vya Paje, kunafanyika mezani. Gunia ndilo la kuachiwa kijana. Familia ikigawa hivyo, mtu anabaki na fedha yake mkononi, na kwa wanawake wa pwani hii fedha ya mwani si jambo dogo.

Kuna wanaotamani operesheni ya pili. Kama picha inaonesha diski imechomoza tena na inabana pale pale panapolingana na mguu unaouma, inaweza kufaa. Kama picha haina jipya, kisu kingine mara nyingi kinaongeza kovu, na kadiri operesheni zinavyoongezeka nafasi ya nafuu inapungua. Huko ng'ambo wanapandikiza mashine ndogo inayotuma umeme kwenye uti wa mgongo, kwa gharama kubwa. Mwaka 2022 madaktari wa Norway waliijaribu aina moja yake kwa wagonjwa 50 wenye maumivu ya mguu baada ya operesheni, mashine ikiwashwa kwa vipindi na kuzimwa bila wao kujua. Tofauti ya maana haikuonekana. Aliyekuwa akiuza shamba ili aifuate angoje kwanza.

Yapo mambo yasiyongoja. Mkojo ukigoma au ukitoka bila habari, ganzi ikienea sehemu za siri na pale mtu anapokalia, miguu yote miwili ikilegea kwa ghafla, wayo ukianza kuburuzika, au homa na usaha vikitokea kwenye kidonda, ni hospitali usiku huo huo kwa gari lolote. Asubuhi inaweza kuwa imechelewa.

Kwa siku za kawaida, kipande cha karatasi kinatosha: usingizi wa saa ngapi, dakika ngapi za kusimama, umbali gani wa kutembea, kutoka nyumbani hadi msikitini au hadi kwenye mnazi wa pili. Mgonjwa anakwenda nacho Mnazi Mmoja siku ya kliniki. Akikitoa, daktari anaona kwamba miezi mitatu iliyopita alisimama dakika 10 na sasa anasimama 25, analala saa tano badala ya tatu. Mguu bado unawaka, na hilo pia limeandikwa. Daktari anaongeza kipimo cha usiku kidogo, anampangia tarehe nyingine, na mgonjwa anatoka kwenda kutafuta gari la 324 lenye kiti cha mbele.